Hamoni Haionekani, Imefifia au Imepanda Mgongoni: Utatuzi wa Matatizo kwa Watengeneza Visu

Fundi anayetengeneza kisu kwa mkono na kukipaka udongo kabla ya kukichovya kikiwa moto kwenye maji au mafuta hutarajia kuona, mwisho wa kazi, mstari wa mawimbi uliotulia kati ya makali na mgongo. Mstari huo ndio hamoni, ambao wafua panga wa Japani waliukuza kwa karne nyingi, na leo hupatikana pia kwenye visu vya jikoni vya aina ya honyaki (vya feleji moja tupu), ambavyo hutengenezwa katika miji kama Sakai. Ni mpaka uliopo ndani ya feleji yenyewe. Makali yaliyoachwa wazi hupoa ghafla na kugeuka martensaiti, ambayo ni ngumu, ilhali mgongo uliofunikwa kwa udongo hupoa polepole na kubaki pelaiti, ambayo ni laini na haivunjiki upesi.

Malalamiko ya wanaojaribu kazi hii hufanana, na karibu yote huishia kwenye swali la asidi: iwe kali zaidi, ikae muda mrefu zaidi, au ibadilishwe? Asidi huonyesha kilichokwisha kutokea motoni, wala haiwezi kukiongezea kitu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na uchunguzi rahisi wa uso wa kisu, kisha unarudi nyuma upesi kwenye feleji, joto na udongo.

Hakuna mstari wowote baada ya kusugua na kutia asidi

Anza na tupa. Chukua tupa kuukuu ambayo bado ina meno, uipitishe kwa wepesi kwenye makali, kisha mgongoni, huku ukisikiliza. Ikiteleza kwenye makali kwa sauti nyembamba bila kung'ata, halafu iking'ata mgongoni na kuacha unga wa chuma, hamoni ipo ndani ya bapa na kazi iliyobaki ni ya msasa. Ikiteleza kotekote, bapa zima limekuwa gumu. Iking'ata kotekote, hakuna sehemu iliyopata ugumu. Jaribio hili halimalizi dakika moja, nalo hugawa tatizo katika makundi matatu ambayo tiba zake hazifanani hata kidogo, kwa hiyo inashangaza kwamba wengi hulifikia baada ya kumaliza chupa nzima ya asidi. Lifanye kabla kisu hakijaingia oveni kuokwa ili makali yasimenyeke, na kabla ya kulifanya ondoa ngozi ya nje kwa msasa mkali, kwa sababu ngozi hiyo hupoteza kaboni motoni na kubaki laini hata pale feleji iliyo chini yake ni ngumu kabisa.

Ngozi hiyohiyo ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya kutoona mstari katika kundi la kwanza. Haitoshi kuondoa weusi wa moto, kwani chini ya weusi huo huwa kuna tabaka jembamba la kijivu lisilojibu asidi sawasawa. Acha unene wa ziada kidogo kabla ya kuchovya, kisha ukate tabaka hilo lote baadaye kwa mkanda mpya wa msasa, ukichovya kisu kwenye ndoo ya maji kila mara. Shika bapa kwa vidole vitupu. Likikuchoma, limekwisha kuwa moto mno. Baada ya hapo panda kwa mkono kutoka msasa namba 220 hadi 400, 600, 800 na kuendelea, ukibadilisha mwelekeo kila namba ili mikwaruzo ya namba iliyotangulia ionekane na iishe. Mikwaruzo ya namba 220 iliyofichwa chini ya mng'aro wa namba 1000 hufunika hamoni kuliko kosa lolote la asidi.

Ikiwa bapa zima ni gumu, shuku feleji kwanza. Hamoni huhitaji feleji ya kaboni nyingi isiyo na vichanganyo vingi, ambayo ugumu wake hauendi mbali kutoka pale inapopoa haraka. Manganizi na kromi hufanya kinyume chake, yaani huipa feleji muda mrefu wa kugeuka kuwa ngumu hata chini ya udongo. Namba na herufi zinazofuata ni majina ya aina za feleji. Feleji ya 1095 ina kaboni ya takriban asilimia 0.90 hadi 1.03 na manganizi ya asilimia 0.30 hadi 0.50, nayo hufaa. W1 na W2 hufaa zaidi kwa mikono mingi, na shirogami, feleji ya kaboni ya Japani, ina manganizi machache kuliko 1095. Feleji ya 1084, yenye manganizi ya asilimia 0.60 hadi 0.90, hutoa mstari lakini mara nyingi bila mawimbi ya ndani. Ukifika 5160, O1 au 52100, weka udongo kando, na feleji zisizoshika kutu ndizo usizijaribu kabisa.

Hapa ndipo wahunzi wengi wa Afrika Mashariki hukwama bila kujua. Springi za magari, ambazo hutoa mapanga na visu vizuri sana vya kazi, kwa kawaida ni feleji ya jamii ya 5160, iliyochanganywa makusudi ili iwe ngumu hadi katikati. Udongo wa aina yoyote hautaifanya itoe hamoni ya maana. Tupa kuukuu ni mwanzo bora, kwa sharti moja: kuna tupa za bei rahisi ambazo ni chuma laini kilichotiwa kaboni juu tu. Vunja kipande kidogo cha ncha, ukipashe moto, ukichovye majini na ukivunje tena. Kama kimepinda badala ya kuvunjika, au kimevunjika kikaonyesha ganda jembamba na kiini chenye rangi tofauti, tupa hiyo haifai.

Feleji ikiwa sahihi na bado bapa zima limekuwa gumu, sababu zinazofuata ni udongo mwembamba mno, joto la juu mno, au bapa jembamba. Kisu chenye mgongo wa milimita 2 kinaweza kupoa chote kwa pamoja hata kikiwa na udongo, hasa kwenye mafuta ya kasi, yaani yanayopoza upesi. Mgongo wa milimita 4 au 5 wenye udongo wa takriban milimita 3 ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Kundi la tatu, ambapo tupa inang'ata kotekote, lina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni joto pungufu. Sumaku huacha kunasa kwenye takriban nyuzi 770 za Selsiasi, na fundi anayechovya papo hapo huwa amewahi kidogo, kwa kuwa 1095 na W2 hutaka takriban 790 hadi 800. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801, hivyo chembe chache juu ya kipande cha chuma chakavu kilichowekwa karibu na bapa ndani ya tanuri hutoa alama nzuri kwa asiye na kipimajoto. Njia bora kuliko zote ni kufanya kazi mahali penye giza na kulitazama bapa lenyewe: linapopita kwenye mageuzi yake, vivuli vyeusi huonekana vikitambaa ndani ya wekundu, vikianzia mgongoni au ncha kutegemea moto ulivyo, na vinapotoweka vyote na rangi kuwa moja, feleji imegeuka. Subiri kidogo joto lisambae, kisha chovya.

Sababu ya pili ni kupoa polepole. Feleji ya 1095 lazima ishuke kutoka joto la kuchovya hadi chini ya takriban nyuzi 540 ndani ya sekunde 1 hivi, la sivyo makali nayo hugeuka pelaiti. Mafuta ya injini yaliyotumika hayana kasi hiyo, tena moshi wake ni sumu. Mafuta ya kula, kama ya kanola au alizeti, yakipashwa hadi nyuzi 50 au 60 huwa mepesi na hupoza vizuri zaidi kuliko yakiwa baridi, lakini kwa 1095 na W2 mafuta maalumu ya kasi ndiyo ya uhakika. Hesabu pia hatua kutoka tanuri hadi chombo: ukihitaji hatua tatu kufika, hamisha chombo.

Simama hapa kama huna chombo cha chuma chenye kifuniko na kinachosimama imara. Mafuta ya kuchovyea hushika moto kwa kawaida, na moto wa mafuta hauzimwi kwa maji hata kidogo. Hufunikwa kwa kifuniko au huzimwa kwa kizimamoto cha unga. Tanuri la mkaa lisifanyiwe kazi ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa gesi yake huua bila harufu.

Mstari upo lakini ni wa mawingu, au unafifia ukiung'arisha

Mara nyingi grisi ndiyo chanzo. Alama moja ya kidole inatosha kuacha doa ambalo asidi hailigusi. Osha bapa kwa sabuni ya kuoshea vyombo, suuza, pangusa kwa asetoni, kisha usiliguse tena isipokuwa kwa glavu.

Chanzo kinachofuata ni asidi kali mno. Kloridi ya feriki, ileile ambayo mafundi wa elektroniki huchongea saketi, hutumiwa hapa ikiwa imezimuliwa sana: sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji au hata zaidi. Chovya kwa sekunde 10 hadi 20, toa, suuza, na uzime ukali wake kwa maji yenye soda ya kuokea. Bapa litatoka na utando mweusi au wa kijivu uliofunika kila kitu, na hapo ndipo wengi hudhani wameharibu. Chukua pamba yenye mafuta mepesi na unga laini wa kusugulia, wa namba 1500 au zaidi, uzungushe polepole. Utando huondoka kwa namna tofauti juu ya sehemu ngumu na sehemu laini, na mpaka hujitokeza chini ya kidole, kwanza kama ukungu mweupe, halafu na chembe ndogo zinazometa ambazo Wajapani huziita nie. Rudia mzunguko huo mara kadhaa. Mizunguko mingi mifupi hushinda mmoja mrefu, kwa kuwa asidi inayokaa muda mrefu huchimba uso na kuacha mstari mmoja mweusi usio na undani wowote.

Siki iliyopashwa joto, yenye tone la sabuni ya vyombo, hufanya kazi polepole na kwa upole zaidi, na maji ya limau yaliyochujwa hutosha kwa kisu kidogo. Kwa maoni yangu, anayeanza angepaswa kubaki na siki mpaka ajue kisu chake kina nini. Kloridi humsukuma kwenye haraka asiyoihitaji.

Kama mstari ulikuwa wazi ukapotea baada ya kung'arishwa, uliza kama gurudumu la kitambaa limetumika. Gurudumu hulainisha na kuupaka uso wote mng'aro mmoja, na tena ni mashine inayopokonya visu mikononi na kuvirusha. Hamoni humaliziwa kwa mkono. Nchini Japani, mng'arishaji wa panga hutumia vipande vyembamba vya jiwe laini vya hazuya, anavyovisukuma kwa kidole gumba kufuata mawimbi, na kisu cha karakana hakihitaji kufika huko. Pamba, unga na uvumilivu vinatosha.

Kloridi ya feriki hushika ngozi, nguo na kila chombo cha chuma kilicho karibu. Vaa glavu na miwani ya kinga, ihifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye maandishi, wala usiimwage kwenye sinki. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15 na uende hospitali bila kungoja kuona kama maumivu yatapungua.

Mstari umepanda hadi mgongoni, au umeshuka ukakata makali

Wengi hudhani hamoni itafuata ukingo wa udongo kama ulivyochorwa. Udongo hupendekeza tu, na joto ndilo huamua. Ukichovya kwenye joto la juu, mstari hupanda juu ya ukingo wa udongo. Ukichovya kwenye joto la chini, hushuka kuelekea makali. Kwa hiyo mstari uliopanda ncha peke yake na kutulia karibu na mpini huonyesha kwamba ncha, ambayo ni nyembamba, ilipata moto mapema. Lisogeze bapa mbele na nyuma ndani ya tanuri, ukiitoa ncha nje ya kitovu cha moto.

Mstari ulioshuka mpaka ukagusa makali ni kosa la kazi, si la urembo tu, kwa sababu sehemu hiyo ya makali ni laini na haitashika ukali. Mara nyingi udongo ulikuwa mnene mno au ulikaribia makali mno: udongo mnene hubeba joto lake na kuirudishia feleji iliyo jirani. Acha angalau theluthi moja ya upana wa bapa bila udongo.

Kabla ya kurudia kuchovya, tuliza feleji. Ipashe hadi takriban nyuzi 870 uiache ipoe hewani mpaka weusi, kisha 815, kisha 760. Mizunguko hiyo hurudisha chembe ndogo ndani ya feleji, nazo chembe ndogo hupunguza kina cha ugumu, jambo linalosaidia hamoni moja kwa moja. Kila kurudia kuna hatari ya ufa, na kisu kilichochovywa mara mbili bila mafanikio ni afadhali kipelekwe kwenye karakana yenye tanuri la umeme linalodhibiti joto.

Kuhusu michoro: mawimbi madogo yaliyobanana hufutika na kuwa mstari mmoja. Mtindo wa choji, wenye vichwa vya karafuu, uliovuma katika eneo la Bizen, ni wa mikono iliyokomaa. Anza na mawimbi mapana, na ukitaka ashi, yaani "miguu" myembamba inayoshuka kutoka kwenye hamoni, pitisha nyuzi nyembamba za udongo kutoka mgongoni kuelekea makali. Wafua panga waliziweka pia ili makali yakimenyeka, jeraha lisitambae.

Udongo unabanduka kabla au wakati wa kuchovya

Uso laini na wenye mafuta ndio sababu kubwa, kwa hiyo usugue kwa msasa namba 120 na uusafishe kwa asetoni. Kinachofuata ni unyevu: udongo usiokauka hutoa mvuke motoni na kuruka. Paka kwanza tabaka jembamba kama rangi, likauke, ndipo uongeze unene, kisha kaushia karibu na moto mdogo. Udongo wa kawaida wa mfinyanzi hunyauka na kupasuka. Saruji ya kustahimili moto, inayotumika kuziba matanuri, hushika vizuri zaidi. Ukibanduka baada ya kisu kuingia kwenye mafuta, ondoa wasiwasi, kazi yake kubwa imekwisha.

Mlio mkali wakati wa kuchovya

Mlio mfupi wa "ting" kutoka kwenye maji ni ufa karibu kila mara. Sababu ya kwanza ni maji yenyewe, hasa maji baridi kwa 1095. Ya pili ni mikwaruzo mikali inayokata makali kwa upana. Ya tatu ni makali yaliyonolewa kuwa membamba mno kabla ya moto, wakati yalipaswa kuachwa na unene wa milimita 1 hivi. Ya nne ni chembe kubwa zilizotokana na joto la kupita kiasi. Anayetaka maji kwa ajili ya uhai wa mstari atumie maji ya chumvi yaliyopashwa joto kidogo, kwa kuwa chumvi huvunja utando wa mvuke na kupoza sawasawa, na wengine huchovya kwa sekunde 2 au 3 majini kabla ya kumalizia kwenye mafuta.

Ufa hauna dawa. Usiuchomelee wala kuufunika. Vunja kisu kwenye jiliwa, ukiwa na miwani ya kinga na kitambaa kizito juu yake, uitazame sehemu iliyovunjika: kijivu laini kisichometa maana yake joto lilikuwa sahihi, na chembe za kumeta kama chumvi ya mawe maana yake lilizidi.

Kisu kimepinda

Kuinama kwa ncha kuelekea makali baada ya kuchovya kwenye mafuta ni kawaida, na kwenye maji kisu huinuka kuelekea mgongoni, ndivyo panga za Kijapani zinavyopata tao lake. Kupinda kushoto au kulia ndiko kasoro, na chanzo chake ni udongo usio na unene sawa pande zote mbili, bapa lililosuguliwa upande mmoja zaidi, au mkono uliotikisa kisu kando badala ya kukishusha wima. Likiwa bado moto mara tu baada ya kutoka kwenye mafuta, bapa hukubali kunyooshwa kwa glavu au kati ya mbao mbili. Likishapoa, lifunge kwenye kipande kinene cha chuma kilichonyooka pamoja na kigingi kidogo chini ya tumbo la mpindo, uliweke oveni lilivyo. Usilipige nyundo likiwa baridi na halijaokwa.

Makali yanamenyeka au yanakunjika

Kumenyeka hutokana kwanza na kisu kutookwa. Baada ya kuchovya, mara tu kinaposhikika kwa mkono, kiweke oveni kwa takriban nyuzi 200 kwa saa 2, kipoe, kisha urudie. Oveni za nyumbani hudanganya, kwa hiyo weka kipimajoto ndani yake. Kukunjika hutokana na makali yaliyochomwa kwenye mashine: rangi ya manjano hafifu bado ina heshima, ila rangi ya buluu imevuka nyuzi 290 na ugumu umekwenda. Kata sehemu ya buluu yote. Ikizidi milimita chache, kisu kinarudi motoni.

Kisu au upanga ulionunuliwa: mstari unafutika au unatia shaka

Mstari ulio sawa kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho, wenye ukingo mkali usio na ukungu, huwa umechorwa kwa asidi au brashi ya waya, nao hufutika kwa msasa namba 1000. Visu vingi vya jikoni vya Kijapani vina mstari wa kweli ambao si hamoni, bali ni mahali ambapo feleji ngumu imeungwa na chuma laini. Tupa na asidi havitabadili hilo.

Upanga mkongwe wa Kijapani ni jambo jingine kabisa, na maelekezo yote ya hapo juu hayauhusu. Usiusugue, usiutie siki, wala usisafishe kutu kwenye sehemu ya chuma inayoingia mpinini, kwa sababu kutu hiyo ni ushahidi wa umri na huenda inazunguka sahihi ya mfuaji. Paka mafuta mepesi kwenye bapa, urudishe alani, na umtafute mng'arishaji aliyefundishwa Japani.